Kabla ya Kubadilisha Kompresa, Iulize Friji Yenyewe

Leo tuache kando mambo ya database na lugha za programu, tuzungumzie friji. Naam, friji! Hasa hizi ndogo za volti 12 au 24 zinazotumia betri na sola, ambazo utazikuta kwenye vioski vya soda, kwenye mashua, kwenye magari ya safari na kwenye zahanati ambako stima haijafika. Najua kuna atakayeuliza, mwandika programu na friji ni wapi na wapi? Vumilia kidogo, utaona.

Hoja yangu naiweka hapa mwanzoni ili asiye na muda asipotee. Friji ya aina hii ina uwezo wa kusema inaumwa wapi, lakini sisi hatuiulizi. Tunakimbilia kubadilisha betri, halafu thamostati, halafu tunatangaza kwamba kompresa imekufa. Na anayeuza friji hiyo bila kuweka taa ya kuonyesha hitilafu, na bila karatasi ya maelezo kwa lugha ya mnunuzi, ameuza kitu nusu kwa bei ya kitu kizima.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu bila kuielewa tutabaki kupiga ramli.

Nitatumia mfano mmoja unaojulikana sana, kompresa ya BD35F. Zamani ilibeba jina la Danfoss. Mwaka 2010 kampuni hiyo iliuza biashara yake ya kompresa ndogo, na tangu hapo jina ni Secop. Utaikuta ndani ya friji za majina mbalimbali, na kompresa nyingi za volti 12 za kampuni nyingine zimeiga mpango wake. Kompresa hii haifanani na ile ya friji ya nyumbani ya volti 240. Ile ya nyumbani ina rilei ya kuwashia na kinga ya joto, na thamostati yake hukata na kuunganisha umeme wenyewe unaokwenda kwenye mota. Hii ya volti 12 ina kisanduku cha elektroniki kilichobandikwa ubavuni. Kisanduku hicho kinachukua umeme wa betri na kuugawa kwa zamu kwenye pini 3 za mota ili izunguke. Kwa hiyo huwezi kuipima mota kwa kuishikisha waya mbili za betri moja kwa moja. Haitazunguka, na unaweza kuiharibu. Nimeona watu wakifanya hivyo kisha wakasema, "Unaona? Imekufa."

Kwenye kisanduku kuna sehemu za kuchomeka waya. Kuna + na - za betri. Kuna F ya feni, D ya taa ya LED, P ya kurekebisha kinga ya betri, na C na T za thamostati. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazowachanganya mafundi wengi waliokulia kwenye friji za volti 240. Wanaichukua thamostati na kuipitisha kwenye waya wa +, kama walivyozoea. La hasha! Hapa thamostati haibebi umeme wa mota. Kazi yake ni kuunganisha C na T, yaani kukiambia kisanduku "washa" au "zima". Kwa lugha ya kwetu sisi waandika programu, ni swichi ya ndiyo na hapana, wala si bomba la kupitishia maji yote.

Tena si ndiyo na hapana peke yake. Ukiweka rezista kwenye njia hiyo ya C na T, unaiambia kompresa izunguke kwa kasi gani. Kwenye kisanduku cha kawaida cha kompresa hii, bila rezista ni mizunguko 2000 kwa dakika. Ukiweka omu 277 unapata 2500, omu 692 unapata 3000, na omu 1523 unapata 3500. Fikiria maana yake. Ikiwa viunganishi vya thamostati vimeshika kutu na kuongeza omu mia kadhaa, kisanduku hakiwezi kujua kwamba hiyo ni kutu. Kitaisoma kama amri. Friji itaanza kukimbia kasi kuliko ulivyotaka na kula betri, na wewe utalaumu sola.

Haya basi, nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Mama mmoja mwenye duka kwenye senta moja ya Kajiado ana friji ya volti 12 ya kuwekea maziwa na soda. Ana paneli juu ya bati na betri moja kubwa. Mchana friji ilifanya kazi vizuri. Jua likitua, ilianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, hadi asubuhi, na maziwa yakachacha. Fundi wa kwanza alimuuzia betri mpya. Hali ikawa ile ile. Wa pili alibadilisha thamostati. Hali ile ile. Wa tatu alisema kompresa imekwisha na akataja bei iliyomfanya mama afikirie kuuza friji kama chuma chakavu. Kwa mtu anayeishi kwa faida ya maziwa ya kila siku, huo si mchezo.

Wote watatu walikuwa wamepima volti kwenye kisanduku, na wote walipata 12.1. Ni sawa kabisa! Lakini walipima kompresa ikiwa imezima. Ni kama kujaribu programu kwenye kompyuta yako ukiwa mtumiaji peke yako, ukaridhika, halafu ukashangaa inaanguka siku watu elfu wakiingia kwa pamoja. Friji hupimwa ikiwa kazini. Kompresa ilipowaka, betri ilisoma volti 11.8, lakini kwenye kisanduku zilifika 10.3 tu. Volti moja na nusu ilikuwa imepotelea njiani.

Ilipotelea wapi? Betri ilikuwa chumba cha nyuma, mita 9 kutoka kwenye friji, na waya uliotumika ulikuwa wa milimita mraba 1.5. Huo ndio waya tunaotumia kwenye taa za nyumbani, na kwa taa za volti 240 unatosha sana. Sasa fanya hesabu. Mzigo wa wati 60 kwa volti 240 unavuta robo ampea. Wati hizo hizo kwa volti 12 zinavuta ampea 5, yaani mara 20. Waya huo wa shaba wenye urefu wa mita 18, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.21. Zidisha kwa ampea 5, unapata kama volti 1.05 iliyopotea. Nusu volti iliyobaki ilikuwa imekaa kwenye maungio mawili ya kusokota kwa mkono na kwenye soketi iliyolegea. Kupoteza volti moja kati ya 240 hakuna atakayeona. Kupoteza moja na nusu kati ya 12 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Na kisanduku kina kinga ya betri. Kwa mpangilio wake wa kawaida kwenye volti 12, kinazima kompresa volti zikishuka hadi 10.4, na hakiwashi tena mpaka zipande hadi 11.7. Nia ni njema, betri isikaushwe hadi kufa. Lakini kisanduku kinapima volti pale kilipo, si pale betri ilipo. Kompresa ikiwaka, kinaona 10.3 na kukata. Ikikatwa, mzigo umekwisha, hakuna kinachopotea njiani, kinaona tena 12 na kitu. Kinawasha. Kinaona 10.3. Kinakata. Kitanzi kisicho na mwisho! Mchana paneli ilipokuwa inachaji, volti za betri zilikuwa juu kiasi kwamba hata baada ya hasara bado zilitosha. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa wa usiku tu.

Dawa ilikuwa nini? Betri ilihamishiwa karibu na friji, mahali penye hewa, umbali wa mita 2. Ukawekwa waya wa milimita mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila maungio ya katikati, na fyuzi ya ampea 15 kwenye waya wa + karibu na betri. Kompresa ni ile ile. Inafanya kazi mpaka leo.

Mtengenezaji mwenyewe ametoa kanuni rahisi kukumbuka kwa volti 12: urefu wa waya kwa mita, wa kwenda tu, usizidi unene wake kwa milimita mraba. Waya wa 2.5 usizidi mita 2.5. Wa 4 usizidi mita 4. Wa 6, mita 6. Ukitumia mfumo wa volti 24, zidisha urefu huo mara mbili, na fyuzi iwe ya ampea 7.5. Hiyo tu. Laiti ingekuwa imebandikwa ndani ya mlango wa friji ile, mama yule angeokoa pesa za betri na za thamostati.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Kisanduku kile kilijua tatizo tangu usiku wa kwanza. Kilikuwa kinalisema kila mara, ila hakukuwa na mdomo wa kulitamka. Ukiunganisha taa ya LED ya miliampea 10 kati ya + na D, kisanduku kinapepesa taa hiyo kila kinapopata hitilafu, kisha kinatulia kidogo na kurudia. Unahesabu mipepeso:

1. Mara moja: volti zimeshuka chini ya kiwango cha kinga ya betri. Kagua betri, waya, maungio na fyuzi, na upime kompresa ikiwa inajaribu kuwaka.
2. Mara mbili: feni inavuta umeme kupita kiasi. Ichomoe feni ujaribu tena. Kumbuka feni hapa ni ya volti 12 hata kama mfumo wako ni wa volti 24.
3. Mara tatu: mota imeshindwa kuanza. Huenda mgandamizo wa gesi haujasawazika. Zima, subiri dakika kadhaa, washa tena.
4. Mara nne: mota imeanza lakini imeshindwa kushika kasi ya chini inayotakiwa. Mzigo ni mzito mno.
5. Mara tano: kisanduku kimepata joto kupita kiasi. Angalia kama friji imesukumwa ukutani, kama kondensa imejaa vumbi, au kama kioski cha mabati kimegeuka tanuri saa nane mchana.

Mipepeso mitano! Hayo ndiyo maelezo yote. Katika friji ile ya Kajiado, D ilikuwa tupu. Aliyeiunganisha kiwandani aliona taa ya shilingi chache haina haja. Kwetu sisi wa programu kuna dhambi moja tunayoonywa juu yake mapema sana, nayo ni kumeza hitilafu, yaani programu igundue kosa kisha inyamaze. Mtumiaji anaachwa gizani, na anayekuja kurekebisha anabahatisha. Kuiacha D bila taa ni dhambi hiyo hiyo, isipokuwa hapa gharama yake ni maziwa yaliyochacha, au chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi.

Sitaki nidanganye kwamba taa inasema kila kitu. Haisemi. Ikiwa thamostati haijaomba baridi, hakuna hitilafu, kwa hiyo hakuna mpepeso. Kompresa ikikaa kimya na taa nayo kimya, anza na fyuzi na volti. Zikiwa sawa, chomoa waya za thamostati kwenye C na T, uziunganishe hizo C na T kwa kipande cha waya. Kompresa ikiwaka, ugonjwa uko kwenye thamostati au waya zake, na umeokoa kompresa nzima kwa kipande cha waya. Isipowaka, na volti zipo, na taa bado haisemi, hapo kisanduku chenyewe kinashukiwa kwanza. Kina uwezo wa kubadilishwa peke yake bila kugusa gesi. Kabla ya kununua kingine, pima ukinzani kati ya pini 3 za mota, mbili mbili, kisanduku kikiwa kimetolewa. Namba 3 utakazopata zinapaswa kukaribiana sana. Zikikaribiana, na hakuna pini inayogusana na chuma cha nje, koili za mota ni nzima. Na ukinunua kisanduku, soma namba iliyoandikwa juu ya kile cha zamani, kwa sababu viko vya aina kadhaa na mipangilio yake hutofautiana.

Nayo friji ambayo kompresa inazunguka mchana kutwa bila kuleta baridi, hiyo ni habari nyingine. Huenda gesi imevuja, au mlango haufungi vizuri. Mlango utauangalia mwenyewe. Gesi mwachie fundi mwenye vifaa. BD35F inatumia R134a, lakini ndugu yake BD35K anatumia R600a, ambayo inashika moto. Usipeleke mwali wa moto karibu na bomba ambalo hujui lina nini. Na betri usiichezee pia. Volti 12 hazitakurusha, lakini spana ikigusa nguzo zote mbili, betri inaweza kuichoma nyekundu mkononi mwako.

Nimewahi kuzungumza na watu wa biashara hii, na wana majibu yao. La kwanza: mteja wa kawaida hatahesabu mipepeso. Jamani! Huyu ni mwananchi aliyezoea menyu za M-Pesa tangu 2007, na jirani yake aliye na stima huingiza tokeni ya tarakimu 20 gizani akitumia tochi ya simu. Atashindwaje kuhesabu hadi 5? Anachokosa si akili, ni karatasi. Na hata asipoelewa, atampigia fundi simu na kusema "inapepesa mara tatu," na fundi atajua abebe nini kabla ya kupanda bodaboda.

La pili: mteja akijua mengi ataifungua mwenyewe na kuiharibu. Nasema ni kinyume. Anayefungua ovyo ni yule asiyejua, anayebahatisha. Aliyeambiwa "kagua waya kwanza" atakagua waya. Kuuliza si ujinga, na mashine nayo iulizwe.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: fundi atakosa kazi. Hili nalielewa, kwa sababu fundi wa jua kali naye ana watoto. Lakini fundi aliyebadilisha thamostati nzima na friji ikarudi kuugua usiku huo huo, amepata nini? Amepata mia chache na kupoteza senta yote. Aliyetibu ugonjwa kwa mita 2 za waya ndiye anayepigiwa simu sasa, hata kwa kazi za sola ambazo si za friji.

Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Muuzaji, weka taa kwenye D, na ubandike ndani ya mlango karatasi moja ya Kiswahili yenye mipepeso 5, mchoro wa C na T, na kanuni ya waya. Fundi, pima volti kwenye kisanduku wakati kompresa inawaka, si wakati imelala, na usitamke neno "imekufa" kabla ya kuunganisha C na T. Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji swali moja tu: hii friji ikikataa, itaniambiaje? Akikosa jibu, nenda duka la pili.

Na kama tayari unayo friji isiyo na taa, LED moja, waya mbili fupi na nusu saa vinatosha. Mguu mrefu wa taa uende kwenye +, mfupi kwenye D. Fanya hivyo wikendi hii, friji ikiwa bado nzima.